Jiwe Lililopigwa Msasa

Fundi mageti aliliharibu jiwe la dada yake, tena kwa nia njema.

Jiwe lenyewe lilikuwa kimondo. Mwamba mdogo ulitoka angani asubuhi kweupe, ukawaka ulipoingia kwenye hewa ya dunia, ukapasuka kwa kishindo. Kipande kimoja kikatoboa bati la dada yake, mshonaji, kikaivunjavunja cherehani yake. Bahati yake, alikuwa ametoka kununua uzi.

Mtafiti wa chuo kikuu alisikia habari, akampigia simu kwa niaba ya makumbusho. Makumbusho yangelinunua jiwe kwa bei ya kutosha bati jipya na cherehani nzuri. Angefika siku ya tatu. Hadi hapo, jiwe lisioshwe wala kuguswaguswa. Mlango wa dada ulifungwa kwa kamba tu, kwa hiyo akalipeleka kwa kaka yake alifungie kwenye sanduku la chuma. Maagizo ya mtafiti akamweleza mara mbili.

Fundi alilitazama. Lilikuwa jeusi kama chungu cha kuni. Miaka ishirini na mitano hajatoa geti karakanani bila kulipiga msasa. Kwake, kisichong'aa hakijaisha. Akajiambia kwamba dada yake ni mpole kama maji mtungini, wanunuzi watampunja wakiliona chafu. Basi akaliosha kwa mafuta ya taa, akalisugua kwa mashine hadi weusi wote ukatoka, akalipaka vanishi. Fundi jirani alimtania kwamba jiwe limependeza kuliko bwana harusi. Akacheka, kichwa kikamvimba.

Mtafiti alipofika, alilishika, akaligeuzageuza.

"Ganda jeusi liko wapi, fundi?"

"Yale masizi? Nimeyatoa, mama."

"Hayakuwa masizi. Ndiyo alama ya moto wa angani. Na ndani limekunywa mafuta. Hatuwezi kulipima tena. Samahani, hatulichukui."

Dada hakulia. Alimtazama kaka yake kama mtu anayetazama nyumba aliyohama.

"Kaka, nilikupa ulilinde. Nani alikwambia ulipambe?"



Jiwe lilikuwa limekwisha kupata mnunuzi likiwa vilevile, na masizi yake. Kilichopotea ni hiki: kimondo kimoja, bati jipya moja, cherehani nzuri moja, na dada mmoja ambaye siku hizi akiwa na kitu cha kuwekesha hukipeleka kwa jirani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.