Salamu Zilizochujwa

Wapendwa, kaeni vizuri. Mama mwenye mtoto anayelia asitoke nje, atulie naye hapo hapo, maana habari yenyewe inaanza na kelele.

Kulikuwa na mama mmoja, Jumamosi mchana, mikono yake imezama kwenye unga. Alikuwa anakanda chapati. Unga ndiyo kwanza umeanza kulainika, akasikia geti linasukumwa kwa mguu. Binti yake akaingia amekumbatia boksi kubwa kifuani, jasho linamtoka, akalishusha juu ya meza ya chakula kama mtu anayeshusha gunia lililotoboka.

"Mama, imekataa."

"Nini kimekataa?"

"Kompyuta. Fundi ameangalia, anasema prosesa haikai kwenye bodi. Na aliyeharibu ni huyo mwanao."

Huyo mwanao alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Mwenye dada au kaka ambaye hamsemezani anajua jinsi jina la mtu linavyopotea namna hiyo. Jana ni kaka, leo ni "huyo mwanao".

Ngoja niwaeleze walivyofika hapo.

Kaka na dada hao walikuwa wanapenda michezo ya kompyuta tangu wadogo. Walikuwa na mashine moja kuukuu iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, na jirani akiisikia anajua watoto wamerudi shuleni. Wakacheza mpira humo, wakashindana magari humo, mpaka wakawa watu wazima na mashine ikafa. Ndipo wakakubaliana kuunga mpya, na kila mtu wa nyumba ile achague kipande chake.

Kwa wale ambao hamjui mambo haya, kompyuta ya michezo si lazima uinunue nzima kama redio. Unaweza kuiunga kipande kwa kipande. Kuna prosesa, ndicho kipande kinachofikiri, nacho kinaenea kwenye kiganja. Kuna bodi, hiyo ni kama sinia, vipande vingine vyote vinakaa juu yake. Kuna vingine vingi, sitawachosha. Shikeni hili moja tu: prosesa zina koo mbili, na kila ukoo una kiti chake. Prosesa ya ukoo huu haikai kwenye bodi ya ukoo ule, hata uisukume, hata uiombee.

Basi walikaa mezani wakagawana. Kaka akasema prosesa ni yangu. Dada akasema bodi ni yangu, na wakapatana ni ukoo gani. Baba akasema yeye ataleta kasha la kuvifunikia, kwa sababu kati ya vyote vilivyotajwa, kitu alichokielewa kilikuwa boksi. Tena akataka lenye kioo ubavuni. "Nikae nione vinavyohangaika," akasema. Wakamgeukia mama.

"Mimi siku ya kuiunga nitapika chapati," mama akasema. "Hicho ndicho kipande changu."

Ilikuwa meza ya furaha ile. Halafu ikaja Pasaka.

Siku ya Pasaka walikuja wageni, na dada alikuwa ameazima mashine ya rafiki yake, akawafunga wageni wote mmoja baada ya mwingine. Mjomba mmoja akamsifu. Kaka, akiwa na soda mkononi, akasema, "Huyu huwa namwachia tu ashinde, asije akalia." Watu wakacheka. Dada akaiweka padi ya kuchezea chini taratibu, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma kuosha. Tangu hapo hakumsemesha. Kaka naye akahamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, karibu na kazini kwake, na kwa vile alihama wakati huo, kila mtu akaona kama amehama kwa hasira. Jumapili zikapita, kiti chake kikawa cha kuwekea nguo za kupiga pasi.

Lakini ahadi ya vipande ilibaki. Kila mmoja alikuwa na kiburi cha kutotaka kuwa wa kwanza kuivunja. Kwa hiyo wakaendelea kuunga kompyuta moja, watu wawili wasiosemezana. Walifanyaje? Mnajua walifanyaje. Walimtumia mama.

Jioni moja mama anapiga pasi, simu ikalia. "Mama, mwambie huyo binti yako asikurupuke kununua bodi. Nimehama ukoo, nachukua prosesa ya upande wa pili, ndiyo inayokimbia kwenye michezo. Akinunua bodi ile tuliyosema mwanzo, ni ujinga wake."

Sasa niambieni, mama alisikia nini hapo? Habari ya ukoo ilimpita sikioni. Alisikia kukurupuka, akasikia ujinga. Akasimama mlangoni kwa binti yake, akasema kwa sauti laini kabisa, "Kaka yako anakusalimia. Anasema usiwe na haraka."

"Haraka gani? Mwambie mimi si mtoto wa kuelekezwa. Bodi ni ile ile tuliyopatana, nimeshaichagua, na kama amesahau akamwulize mwenye akili."

Mama akarudi kwenye simu. "Dada yako anashukuru. Anasema mambo yote yako sawa."

Mnacheka. Chekeni tu, nyumba zenu mnazijua.

Mama yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa anachuja, kama unavyochuja chai, majani yasimkwame mtu kooni. Akayatoa matusi yote, kila siku, kwa uvumilivu, huku mgongo unamuuma na nguo bado zimo kwenye beseni. Ila alipotupa neno ujinga, neno ukoo lilikuwa limeng'ang'ania hapo hapo, likaenda nalo.

Kaka akanunua prosesa yake. Kwa kuwa aliambiwa yote yako sawa, hakuuliza. Akaifunga kwa gazeti na gundi ya karatasi, akampa mwendesha bodaboda ailete nyumbani. Dada akaipokea, na kwa kiburi hakuifungua. "Sigusi kitu chake," akasema. Akaibeba hivyo hivyo na gazeti lake mpaka kwa fundi, pamoja na bodi, pamoja na kasha la baba lenye kioo. Mama akachota unga aanze kukanda, maana ndiyo siku aliyoahidi, na alikuwa na lake moyoni: siku ya kuiunga, yule kijana hana namna, lazima aje ale nyumbani. Hiyo ndiyo kompyuta aliyokuwa anaisubiri yeye.

Fundi akachana gazeti, akaangalia prosesa, akaangalia bodi, akaangalia ule uso wa binti. Akavirudisha vyote ndani ya boksi.

Sasa turudi mezani, kwa mama mwenye unga mkononi.

"Kipi kibovu?" akauliza.

"Hakuna kibovu, mama. Fundi anasema vyote vipya, vyote vizima. Amesema hajawahi kuona watu wa nyumba moja wananunua hivi. Ameniuliza kama huwa hatuongei."

Kabla mama hajajibu, simu ikalia. Ilikuwa imelala kwenye stuli, akaibonyeza kwa kiwiko, akainama kuisikiliza.

"Mama, fundi amenipigia. Mwambie huyo binti yako..."

"Mwambie na yeye!" dada akadakia. "Mwambie nani alimruhusu kubadilisha?"

Mama akasimama katikati yao, huku mmoja, huku mwingine. Na pale ndipo lile neno lilipomrudia. Nimehama ukoo. Alilisikia vizuri sana sasa, kama limesemwa asubuhi hiyo. Alikuwa nalo mkononi, akalitupa, akapeleka salamu.

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Chujio lilikuwa tayari. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: kaka yako anasema pole. Dada yako anasema si neno. Jioni ingepita vizuri tu. Kijana angekula kwake, binti angekula chumbani.

Mama akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole, kikaacha doa la unga kwenye kioo. Akaiegemeza simu kwenye lile boksi.

"Nisikilizeni wote wawili," akasema. "Wewe, kaka yako alisema amehama ukoo. Sikukwambia. Na wewe, dada yako alisema bodi ni ile ile. Sikukwambia. Salamu zote mlizopokea tangu Pasaka nilizipika mwenyewe, kama ninavyopika hizi chapati. Sasa zimekwisha. Semezaneni. Unga wangu unakauka."

Akabeba beseni lake la unga, akatoka kwenda uani kwenye jiko la mkaa.

Baba, aliyekuwa pembeni na redio aliyoifungua ili aitengeneze, hakugeuza hata skrubu. Halafu maneno yakaanza, na yalianza vibaya. Mama alisikia kila neno akiwa uani. Ujinga ulisemwa. Kukurupuka kulisemwa. Mara mbili aliinuka akimbilie ndani, mara mbili akarudi kwenye kigoda.

"Ulinidhalilisha mbele ya wageni."

"Nilikuwa natania, bwana."

"Walicheka watu wote. Mimi je, nilicheka?"

"Kwani uliumia?"

"Ulidhani nini?"

"Mama aliniambia ulishasahau."

Chapati ya kwanza iliungua hapo. Mama hakuiona.

"Tena wewe kuniachia?" dada akasema. "Umenifunga lini? Sema tarehe."

"Sijawahi."

"Sijakusikia."

"Sijawahi kukufunga, dada. Hata siku moja. Nilikuwa naona aibu mbele ya mjomba. Nisamehe."

"Rudia, baba hajasikia."

"Nimesikia," baba akasema kutoka kwenye redio yake.

Basi kicheko kilichotoka kwenye ile simu kilikuwa cha ajabu, kwa sababu kilitoka pande zote mbili. Kikafuatiwa na maswali ya watu wenye kazi: bodi umeichana nailoni? Sijaichana. Risiti unayo? Ninayo. Basi Jumatatu tunaibadilisha, tutaenda wote. Na feni ya kupoozea umechagua ipi? Njoo uione.

"Nakuja," kaka akasema.

Sasa sisi.

Najua mmekaa hapo mnagawa makosa. Wengine mmempa kaka, na mdomo wake. Wengine dada, na kiburi chake. Kila mmoja ameshamtafuta jirani yake wa kumfananisha. Lakini sikusimama hapa kwa ajili ya hao wawili. Nimesimama kwa ajili ya yule wa katikati.

Sisi ndio mama. Mawifi wawili hawasemezani, sisi tunapita katikati na chujio. Mwalimu wa kwaya amegombana na mwenyekiti, sisi tunabeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. Tunarudi nyumbani tumechoka, tunamwambia Mungu leo tumefanya kazi ya amani. Amani gani? Hao watu hawajaonana tangu Pasaka. Tunasema tunachuja kwa upendo. Wakati mwingine ni woga. Na wakati mwingine, tuseme tu, tunapenda kuwa njia ambayo kila mtu lazima aipite.

Sisemi mbebe matusi yalivyo na kuyamwaga mlangoni kwa watu. Nasema tueni mzigo, wenyewe waje wauchukue.

Na tukipiga magoti, je? Moyo umekasirika, mdomo unasema tunashukuru kwa siku njema. Moyo unauliza kwa nini umeniacha peke yangu na watoto hawa, mdomo unasema yote yako sawa. Hata Mungu tunampelekea salamu zilizochujwa, halafu tunashangaa mbona mambo hayashikani.

Kila mmoja wetu ana simu moja ya kuiegemeza mezani leo. Unaijua. Mimi siijui, na usije kuniambia baada ya ibada nikupelekee.

Mnataka kujua kama kompyuta iliwaka. Jioni ile haikuwaka. Kasha la baba lilishushwa sakafuni, kioo chake kikionyesha utupu, na baba akawa analitazama kwa kuridhika hivyo hivyo. Nguo za kupiga pasi ziliondolewa kwenye kiti. Kijana akaingia na vumbi la njiani kwenye viatu, akaamkia, akakaa pale alipozoea. Dada akamwekea kwenye sahani ile chapati iliyoungua, makusudi, mbele ya watu. Akaila yote.

Mama akaleta maharage, akasimama na mwiko mkononi, akahesabu kama anavyohesabu kila siku. Baba yupo. Binti yupo. Kijana yupo. Akavuta kigoda, akakaa, akajihesabu na yeye. Wakaomba, wakala.