Meno ya Komando

Muzee Mulumeoderhwa aliapa kwa Bikira Maria, kwa kaburi la mama yake na kwa msumeno uliomlisha tangu ujana wake, kwamba atakayoyasema ni kweli tupu, isiyotiwa hata chembe ya chumvi. Watu waliokuwa wakingoja kunyolewa kwa Fortunat, pale mtaa wa Mabanga, Goma, walitulia tuli kama maji ya mtungini. Walijua kwamba muzee akianza na kiapo, hadithi itakuwa nene.

"Ile lori ilitoka Kiwanja, imejaa maharagwe," alisema. "Ikakosa breki kwenye mteremko. Dereva analia, batu banakimbia. Nani aliisimamisha? Komando. Alikamata gurudumu la nyuma na meno, akang'ang'ania mpaka ikasimama. Mpira ulipasuka. Jino, hata moja halikutikisika."

Fortunat alizima mashine yake ya kunyolea. "Muzee, juma lililopita haikuwa lori. Ilikuwa pikipiki."

"Hiyo ilikuwa siku ingine."

Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Komando mwenyewe, jibwa jeusi la muzee lenye kichwa kama sufuria, alikuwa amejilaza mlangoni wala hakutingisha mkia. Mbele yake palikuwa na mfupa wa paja la ng'ombe, mkavu kama kuni. Hakuugusa.

Wakati huo Mama Mwavita, mwuza maharagwe aliyepakana ua na muzee, alikuwa akipita na kikapu chake. Alisimama kusalimu, na pakiti moja ikamponyoka. Muzee aliiokota, akaigeuzageuza. Ndani yake mlikuwa na vijiti vya kijani, vilivyopindapinda kama vidole vya mtoto.

"Mama Mwavita, hii ni nini?"

"Ni ya Bijou, mbwa yangu. Anatafuna kimoja kila siku, kinamsugua ukoga kwenye meno. Hata kinywa hakinuki tena."

Muzee alipanda hasira kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Watoto wa Mabanga wanasugua meno kwa kidole na majivu, alifoka, na huku mbwa ananunuliwa bonbon za dukani! Tangu lini mbwa akawa na mambo ya meno? Mbwa wa baba yake waliguguna mifupa, wakafa wazee na meno yao yote kinywani. Mbwa wa Goma amezaliwa juu ya mawe ya volkano. Kumpa kitu laini ni kumtukana.

"Bonbon iko na sukari, hii haina," alijibu Mama Mwavita bila kupandisha sauti. "Tena Dokta Mukamugema, munganga wa wanyama, alinifundisha namna ya kuchagua. Unabonyeza na ukucha. Ukucha ukiingia, ni kizuri. Ukigonga kama kwenye jiwe, hicho kitavunja jino. Bonyeza basi huo mufupa wa Komando."

Hapo ndipo alipomgusa penye kidonda. Muzee alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba nusu ya mizigo ya Goma, na maisha yake yote alikuwa amepima mbao kwa sheria moja tu: kinachobonyea hakifai.

"Gurudumu linalobonyea halifiki hata Kibumba," alisema kwa dharau. "Unanifundisha ugumu, mimi?"

"Jino si gurudumu, muzee."

"Basi tutaona. Siku ya chanjo ya mbwa, pale parokia, Dokta atafungua vinywa vya wote wawili mbele ya batu. Meno ya Komando yakishindwa na ya Bijou, chukua chukudu yangu."

Hakuna aliyetazamia kusikia neno hilo. Chukudu ile ilikuwa ya mwisho aliyoichonga kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, ya mti wa mkaratusi, ikinguruma barabarani kama mnyama mwenye afya. Mama Mwavita alikuwa ameiomba mara nyingi, maana wachukuzi walizoea kumwachia magunia yake yakinyeshewa mvua. Kila mara muzee alimjibu kwamba atazikwa nayo.

"Na mimi nikishindwa," alisema Mama Mwavita, "wewe na Komando mutakula nyama kwangu kila Jumapili. Fortunat ni shahidi."

Muzee alirudi kwake kifua mbele. Lakini alipoinama kumfungua Komando mnyororo, harufu iliyotoka katika kinywa cha mbwa ilimfanya arudi nyuma hatua mbili. Alimkalisha, akamfunua mdomo. Meno yalikuwa yamevikwa ukoga wa rangi ya ugoro. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba. Na kule nyuma, upande wa kulia, gego kubwa lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini, kama gogo lililopigwa shoka.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameona dalili. Aliona mbwa akitafuna kwa upande mmoja, akaona mifupa ikiachwa uani. Sasa aliukasirikia mfupa, akamkasirikia aliyemwuzia mfupa, akamkasirikia Komando kwa kutosema. Alimkasirikia kila mmoja isipokuwa fundi aliyeupima ule mfupa na kuusifu.

Hila ikamjia. Kesho yake alivuta kofia hadi kwenye nyusi, akaenda duka la dawa za mifugo, mbali na Mabanga.

"Nipe vile vijiti vya meno ya mbwa," alinong'ona kama mtu anayeulizia bangi.

"Mbwa yako ina ukubwa gani, papa?" aliuliza mwuzaji. "Kila ukubwa una kijiti chake."

Muzee alisita. Akisema ni jibwa jeusi lenye kichwa kama sufuria, habari zitafika Mabanga kabla yake. "Ni kadogo," alisema. "Ka mjukuu wangu. Kanaingia kwenye kofia hii."

Mwuzaji alimpa vijiti vya vibwa vidogo, vyembamba, vifupi kama njiti. "Kaa naye anapotafuna, asimeze kizima. Na kama jino limeshavunjika, papa, hivi haviponyeshi. Mupeleke kwa munganga."

"Nani alisema limevunjika?" alifoka muzee, akatoka bila kuaga.

Siku ya chanjo uwanja wa parokia ulijaa mbwa, kamba na kelele. Bijou alitangulia. Dokta Mukamugema alimfunua midomo, akamulika kwa kurunzi, na watu wakaona meno meupe kama maziwa ya Masisi, na fizi zenye rangi ya waridi.

"Ni vizuri, mama," alisema Dokta. "Nyuma kule kumebaki ukoga kidogo. Vijiti vinasaidia, lakini havifanyi kazi yote. Tumia na mswaki."

Muzee hakusikia. Alikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa, akimlisha Komando vijiti kwa haraka, akitumaini kwamba ukoga wa miaka utang'oka kwa dakika moja. Alidhani mbwa atatafuna. Komando hakuona cha kutafuna. Alivimeza kama kuku anavyodonoa mahindi, kimoja, kingine, kingine tena. Jina lao lilipoitwa, muzee aliitupa pakiti nyuma ya ukuta, akaingia uwanjani akitabasamu.

Hawakufika mbele ya Dokta. Komando alisimama, akanyoosha shingo, akaanza kukoroma. Miguu ya mbele ilitanuka. Povu lilimtoka.

Dokta Mukamugema alipiga magoti. "Amekula nini?"

"Hakula kitu," alisema muzee. "Ni baridi ya asubuhi."

"Muzee, kuna kitu kooni. Amekula nini?"

"Labda sombe. Jana alikula sombe, yale majani ya muhogo."

Ulimi wa Komando ulianza kuwa na rangi ya bluu. Muzee aliitazama chukudu yake iliyoegemezwa langoni, iking'aa kwa mafuta aliyoipaka asubuhi ili iwatie watu wivu. Kisha akaitazama miguu ya Komando ikikunjika, na macho yale yaliyokuwa yakimtazama yeye peke yake, bila lawama, kama yanayongoja hadithi nyingine.

"Ni kijiti," alisema. "Kijiti cha meno. Kifupi hivi. Nilimupa vya mbwa wadogo. Mutoe, Dokta, nakuomba."

Dokta alipanua taya, akaingiza koleo lake refu, akavuta. Kijiti kikatoka kizima, kijani kibichi, hakina hata alama ya jino. Komando alivuta pumzi kwa kishindo, akakohoa, akamlamba muzee mkono.

Hapo ndipo Dokta alipoliona gego, na uso wake ukabadilika. "Jino hili lina usaha, muzee. Mbwa huyu amekuwa na maumivu muda mrefu, na ninyi munakaa munamsifu! Kila mwaka nalia na mifupa migumu, na kila mwaka munaniletea magego yaliyopasuka. Kitu kinachosaidia, unakipa kwa uongo, kinageuka kitanzi. Kesho namng'oa hili jino. Na mifupa ya ng'ombe, basi."

Watu walimgeukia Mama Mwavita, wakidhani atacheka. Hakucheka. Alimsogelea muzee kwa hasira.

"Chukudu ilikuwa mchezo, muzee," alisema. "Lakini umesema baridi. Ukasema sombe. Mbwa yako inakufa mbele yako, na wewe unachagua uongo gani utakufaa. Ungemwacha afe kwa ajili ya mbao?"

Muzee Mulumeoderhwa, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu tangu Goma ilipokuwa mji mdogo, alimfunga Komando kamba, akaishika chukudu kwa pembe zake, akaanza kuisukuma kuelekea Mabanga. Hakuipanda. Watu walimfuata kama wanaosindikiza jeneza.

Maisha yake yote alikuwa amesimulia safari za chukudu zake: hadi Sake kwa pumzi moja, hadi Kiwanja na kurudi kabla wali haujaiva. Alipofika mbele ya lango lake mwenyewe hakusimama. Aliendelea hadi lango la pili, akaiegemeza chukudu kwenye ua wa Mama Mwavita, akaifuta vumbi kwa kofia yake.

"Usiipakie upande mmoja," alimwambia. "Inavuta kushoto kidogo."

Fortunat alikuwa amesimama mlangoni pa kazi yake, ng'ambo ya barabara, mashine mkononi. "Muzee," aliuliza kwa upole, "na leo chukudu imefika wapi?"

Kila mmoja alingoja kiapo. Muzee aliitazama barabara kutoka lango moja hadi la pili, umbali usiotosha hata gurudumu kupata moto.

"Hapa tu," alisema. "Haikufika mbali."

Wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi.