Nani Alimrudisha Hemedi?

Sogeeni, lakini asivue mtu viatu, maana hadithi hii haina pa kutulia. Mimi tangu nisimuliwe sijapata raha. Leo nawatwisha nyie, mhangaike pamoja nami.

Hapo Ngamiani, Tanga, palikuwa na wapenzi watatu wa santuri, na kila mmoja alikuwa na chake.

Semboja, ofisa wa bandari, alikuwa na macho. Mashine ya kupigia santuri ikitoka popote duniani, yeye keshasoma wachambuzi wote walivyoisifu na walivyoiponda, na hasahau hata neno moja.

Kidawa, mtengeneza meno ya bandia, alikuwa na mikono. Akikigusa kitu kwa ncha ya kidole anajua kimeinamia wapi, na meno aliyoyatengeneza yeye hayamchubui mtu ufizi.

Mwalimu Mbaraka, mwalimu wa hesabu na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, harusini, alikuwa na masikio. Waya mmoja wa kanuni ukilegea katikati ya wimbo, wenzake wanaendelea kutabasamu, yeye keshakunja uso. Kukaa naye kulihitaji moyo.

Kila Jumamosi walikutana kwa Kidawa kusikiliza santuri. Nasema kusikiliza, lakini ukweli walikutana kubishana.

Jumamosi moja akabisha hodi Bi Mwatima, mjane wa Hemedi, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha taarab kilichokufa zamani. Hemedi alirekodi santuri moja tu maishani mwake, na nakala iliyobaki ilikuwa kwapani mwa mjane wake. Gramafoni yao ilipoharibika, aliiweka santuri juu ya kabati, chini ya mabati, na joto la miaka yote hiyo likaipinda.

"Wanangu," alisema, "sikio langu la kushoto limeanza kufunga, na daktari kasema la kulia litafuata. Nataka nimsikie Hemedi mara moja kabla sijabaki na kimya. Baada ya hapo santuri hii haina kazi kwangu. Atakayenirudishia Hemedi, nitampa yeye."

Mnawajua watu wa santuri? Wale watatu walitazamana, na hapo hapo urafiki ukapata ufa. Hakuna mwingine mjini aliyekuwa na santuri ile, na kila mmoja alikwisha kuiona imekaa kwenye rafu yake.

Shida ya kwanza ilikuwa mashine. Zao zilikuwa na mikono mizito ya sindano, na santuri ile ilikwisha kulika. Sindano nzito ingeikwangua, na Hemedi angeondoka na unga mweusi wa santuri. Wakati huo ilikuwa imetoka mashine mpya ya bei kali, na mtandao mzima ulikuwa ukiizungumza.

"Wote wanakubaliana," alisema Semboja. "Mwendo wake hauyumbi hata chembe. Hakuna mchambuzi aliyesema vingine."

"Hao wachambuzi wako wamewahi kusikia kodiani, kinanda chetu cha mivukuto, cha taarab ya Tanga?" Mbaraka akauliza. "Mtu anapima mashine kwa piano, chumbani kwake, kwenye zulia. Mie sinunui masikio ya mtu."

"Mwalimu, hujasoma hata mmoja."

"Na wewe hujasikia hata mashine moja."

Wiki ikapita hivyo, na nyingine, hata mwezi ukaandama na mwingine ukafuata. Semboja analeta sifa, Mbaraka anazitupa. Inaniudhi hata kuisimulia. Mwishowe Kidawa aliwakatiza.

"Jana nimemwita Bi Mwatima upande wa kushoto, hakugeuka. Nyie endeleeni kubishana."

Aibu ikawashika. Semboja akarudi kusoma upya, safari hii si kwa ajili ya kumshinda Mbaraka. Chini kabisa ya uchambuzi mmoja akakuta lalamiko la msomaji, kwamba mkono wa mashine ile ni mwepesi mno, haushiki vizuri santuri mpya. Kila mtu alikuwa ameliona hilo kuwa ni kasoro. Semboja akaona kwamba kasoro hiyo ndiyo dawa ya santuri iliyolika. Alipolieleza, Mbaraka akakubali. Wakachanga, wakaiagiza, ikafika.

Shida ya pili ilikuwa santuri yenyewe. Ilipinda kama chapati iliyosahauliwa motoni, na sindano ingerukaruka hata ingekuwa nyepesi namna gani. Kidawa akaichukua hadi karakana yake, akaibana kati ya vioo viwili, akaiingiza kwenye oveni anayolainishia nta ya meno. Alijua joto la kulainisha na joto la kuyeyusha, na kati ya hayo mawili hapakuwa na nafasi kubwa. Akizidisha kidogo tu, Hemedi anageuka tope. Wale wanaume walingoja kibarazani. Aliposhika kioo na kujua kwamba imetosha, aliitoa, akaiacha ipoe mle mle kati ya vioo. Ilitoka imenyooka.

Siku ya kusikiliza kwa Kidawa, mkwe wa Bi Mwatima alikuwa amekuja na gari kumchukua akaishi na binti yake Morogoro. Mizigo ilikwisha pakiwa. Sikio la kushoto lilikuwa limezibika kabisa, kwa hiyo bibi alikaa na la kulia limeelekea spika.

Sindano ikashuka, wimbo ukatoka safi. Semboja akatabasamu. "Mnaona? Hauyumbi."

Bi Mwatima alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema taratibu, "Mashine ni nzuri, wanangu. Ila huyu siye."

"Siye nani, Bi Mwatima?" Kidawa akauliza.

"Siye Hemedi. Huyu kijana mdogo. Hemedi akiniita kutoka uani, vikombe vilitikisika kabatini."

Semboja akaanza kueleza walivyosema wachambuzi. Kidawa akaitazama mikono yake, akidhani joto ndilo lililomharibu. Na wote wawili waliogopa jambo jingine wasilothubutu kulitamka, kwamba sikio la kulia nalo limekwisha.

Mbaraka akainua mkono. "Ipigeni tena." Ilipoanza, akasema, "Bibi yuko sahihi. Sikilizeni kodiani inayomfuata Hemedi. Mtu anaweza kupandisha sauti, kodiani hailii juu hivi. Siku ya kurekodi, mashine yao ilikuwa inakwenda polepole. Hii yetu inakwenda sawasawa, ndiyo maana inamkimbiza na sauti inapanda."

Basi ile sifa iliyosifiwa na dunia nzima ndiyo iliyomficha Hemedi. Na mashine haikuwa na pa kupunguzia mwendo, kwa sababu walioiunda hawakufikiri kuna atakayetaka.

Mbaraka akapiga magoti, akairudisha sindano mwanzo, akaweka kidole kwenye ukingo wa sahani inayozunguka. Akabonyeza kidogo, akazidisha kidogo, mpaka kodiani ikakaa mahali pake. Sauti ikashuka, ikanenepa, ikajaa chumba. Jasho likamwingia machoni, kidole hakukiondoa mpaka ubeti wa mwisho.

Bi Mwatima aliziba mdomo kwa upande wa khanga. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyu." Akalia, na Kidawa naye akalia, na mimi ninayesimulia sioni haya kusema kwamba nililia niliposimuliwa.

Nje gari likapiga honi. Bibi akapangusa macho, akaichukua santuri, akasimama. "Haya wanangu. Nimpe nani?"

"Bila mimi," alisema Semboja, "tungeipiga kwa mashine zetu, na leo isingebaki hata mistari juu ya santuri. Niliipata dawa pale ambapo wote waliona ubovu."

"Bila mimi," alisema Kidawa, "sindano ingekuwa inaruka mpaka sasa. Na nani aliwaambia muache kubishana? Mngekuwa mngali mnasoma na kusomeana."

"Bila mimi," alisema Mbaraka, "mngemsikilizisha bibi mtu mwingine, kisha mkasema kazibika masikio. Nyie mlileta santuri. Hemedi kaletwa na kidole hiki."

Juzi nilikuwa upande wa Semboja. Jana nikahamia kwa Kidawa. Leo asubuhi, wakati nakunywa chai, nilimpa Mbaraka, na kabla kikombe hakijaisha nikamnyang'anya. Kisha nakumbuka ile miezi waliyoimaliza kwa ubishi, na lile sikio la kushoto lililowasubiri hadi likachoka, naona hata mmoja asipewe. Lakini bibi ameahidi.

Na wao, mnadhani walingojana? Walipandisha sauti wote kwa pamoja.

"Semeni mmoja mmoja," bibi alisema. "Siwasikii."

Hakuna aliyempisha mwenzake. Bi Mwatima akawa anatazama midomo yao, huu, ule, na ule mwingine, huku mkwe akimshika kiwiko kumwongoza mlangoni. Bibi akawanyooshea santuri katikati yao kwa mikono miwili, akimngoja wa kuipokea.

Mkono wa mtu mzima huchoka, na honi imelia tena. Wewe uliyekaa hapo, ungemwambia ampe nani?