Mifupa Iliyofunikwa kwa Mafuta

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Sham, zama za utawala wa Wayunani, aliishi mjane wa Bani Israili aitwaye Tirza, na binti yake wa pekee, Hogla. Siku moja ardhi ilitikisika, nyumba zikalala chini. Wayunani wakasema Poseidoni, mungu wao wa bahari na zilzala, ameghadhibika. Tena wakahofu kwamba akichinjiwa yeye peke yake, Zeu mkubwa wao ataona wivu. Lo! Waabudiwa wanaogombea kitoweo! Ikaamriwa kila nyumba iwatolee wote wawili sadaka, na atakayekataa, mwanawe atatoswa baharini.

Tirza alikataa, na askari wakamchukua Hogla. Mama wa watu akamfuata hekaluni.

Kuhani Nikandro alimwonea huruma, akamnong'oneza: "Mama, choma hata mifupa. Ndiyo desturi yetu: mifupa tunaifunika kwa mafuta ionekane kama nyama na kuichoma, nyama tunakula wenyewe. Miungu hutosheka na moshi. Moyoni baki na Mola wako."

"Mama, wape tu hiyo mifupa!" Hogla alilia, mikono imefungwa kamba.

Tirza alimtazama mwanawe, machozi yakamtiririka. Alitamani kusema ndiyo.

"Naogopa," akamwambia kuhani. "Naiogopa bahari, na mtoto sina mwingine. Lakini Mola wangu halishwi moshi. Anaona mkono, anaona na kilicho chini ya mafuta. Nitamficha wapi mfupa?"

"Hata humu hekaluni mwetu anaona?"

"Hata humu."

"Na mimi ananiona?"

"Anakuona, mwanangu. Tangu mfupa wako wa kwanza."

Nikandro akasawijika. Miaka ishirini alikuwa amewadanganya aliowaita miungu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Leo alikuwa karibu kuua mtoto kwa ajili yao. Akachukua kisu, akaikata kamba ya Hogla.

"Piteni mlango wa nyuma. Wakiniuliza, nitasema ni mimi niliyewaachia."

"Watakuua! Sema tumetoroka."

"Mama, ndiyo kwanza umeniambia ananiona, kisha unanifundisha uongo?"

Tirza akainamisha kichwa kwa haya, akamshika Hogla mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Ndugu zangu, kuhani yule alimcha Mola siku ileile aliyosikia habari Zake. Sisi tumezisikia tangu utotoni.