Hodi ya Bi Siwema

Hapo zamani, enzi ambazo mgeni alipiga hodi tatu na asipoitikiwa akarudi alikotoka, palikuwa na mjane msusi wa mikeka, Bi Siwema. Homa ilimwacha hai, ikaondoka na masikio yake. Tangu hapo alisoma midomo ya watu, na midomo, jamani, ina mengi.

Wageni walipiga hodi, wakakosa jibu, wakaenda zao wakisema ana maringo. Wasio na haya waliingia tu, akageuka akakuta mtu mgongoni. Basi shemeji yake, Shemdoe, akapata la kusema mbele ya wazee: "Asiyesikia hodi hawezi kukaa na nyumba. Ahamie uani kwangu, nyumba ya marehemu kaka niitunze mimi."

Kuitunza! Siwema aliitazama midomo ile, akaona nyumba yake inatafunwa.

"Nijaribuni," akasema. "Ijumaa, kabla ya adhuhuri, shemeji aingie kimyakimya. Akinigusa bega kabla sijageuka, nahama. Nikigeuka, asinisumbue tena. Na atakayenifikishia hodi, nampa chumba cha mbele."

Wakajitokeza watatu. Mwantumu, binti wa kaka yake, akakatiza uzi mlangoni usawa wa kifua, akaupitisha darini hadi kitambaa chekundu mbele ya macho ya shangazi yake. Mtu akiusukuma uzi, kitambaa kinacheza. Semkiwa seremala akatandika mbao zinazotikisika, toka mlangoni hadi chini ya mkeka anaokalia Siwema akisuka. Zaina, jirani na rafiki wa Siwema, akapaka chokaa ukuta unaotazamana na mlango, ili jua la asubuhi litupe hapo kivuli cha anayeingia.

Lakini Jumatano Siwema akachungulia dirishani, akamwona Zaina na Shemdoe penye ua. Midomo ya Zaina ikasema: "Kuna uzi mlangoni. Pita chini yake." Kisha akaongeza neno, akalifunika kwa upindo wa kanga. Na kanga ilikuwa mpya.

Siwema aliumia, asimwambie mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa akakaa akisuka, mgongo mlangoni, wazee dirishani. Kwa jirani mwingine walikuwa wakitwanga, mbao zikitikisika kila mara, akazizoea. Kitambaa hakikucheza. Mara ukutani kikapita kivuli kifupi. Mbuzi, akawaza, akaendelea kusuka. Ghafla mbao zikashtuka chini yake. Mbuzi gani mzito hivi?

Akageuka. Shemdoe alikuwa ameinama, mkono hewani, umebakiza shibiri moja tu ufike begani.

"Karibu, shemeji," akasema Siwema.

Wazee wakacheka. Shemdoe akaondoka bila kuaga.

Ndipo likaja la ufunguo wa chumba cha mbele. Siwema akawasimulia kivuli alichodhani cha mbuzi, na mbao zilivyoshtuka.

"Wangu," akasema Semkiwa. "Uzi haukusema, kivuli kilisema mbuzi. Mbao ndizo zilizokugeuza."

"Mbao zako zilitikiswa na michi asubuhi nzima!" akasema Mwantumu. "Shangazi, uzi wangu ndio uliomwinamisha. Aliyeinama hivyo hupepesuka, akakanyaga kwa kishindo. Bila uzi angekuja wima, akinyata."

Zaina akasema, "Bila kivuli changu usingemjua hata huyo mbuzi. Kishindo ungedhani ni mchi."

"Na uzi ulimwambia nani?" akauliza Siwema.

Zaina akaushika upindo wa kanga.

"Nilimwambia mimi. Nilitaka ajione mjanja. Anayejua mtego mmoja hatafuti wa pili."

"Na kanga?"

"Alinipa. Ningeikataa, si angenishuku?"

"Na lile neno la mwisho, ulilolifunika?"

"Nilimwambia, 'Mungu akulaani,'" akasema Zaina, akitabasamu.

Siwema aliitazama sana midomo ile. Ilisema ilivyosema. Kama Zaina alimuuza rafiki yake, basi usaliti wake ndio uliomwinamisha Shemdoe akakwama. Kama alimtegea Shemdoe, mbona alimficha kinywa rafiki asiye na sikio ila macho?

Mkono wa Siwema ukabaki hewani na ufunguo, watatu wakiutazama, na chumba ni kimoja.

Haya, ninyi mlionisikiliza kwa masikio yenu mawili: je, nani alistahili ufunguo ule?