Chungu cha Bi Ligaya

Sogeeni karibu, tena mkae vizuri. Hadithi ya leo si ya kulalia, ni ya kubishania. Anayependa mambo yaliyokwisha kuamuliwa aende zake mapema, asije akanilaumu.

Palikuwa na mama mmoja Tanga, jina lake Bi Ligaya. Alizaliwa Ufilipino, akaolewa na Mzee Athumani, mpishi wa meli, akaja naye Tanga akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja. Alikuja na sanduku moja, na katikati ya nguo alikuwa amefunga chungu kipana, kifupi, cha udongo mwekundu. Alipewa na mama yake, ambaye alikuwa akipikia humo bibingka za kuuza nje ya kanisa, alfajiri zile za kuelekea Krismasi.

Bibingka ni nini? Ni mkate wa mchele na tui, unaowekwa kwenye jani la mgomba ndani ya chungu, ukapaliwa makaa chini na juu. Haya, nimewasikia. "Si mkate wa kumimina huo!" Ngojeni. Hapo ndipo walipokosea wenzenu.

Miaka arubaini Bi Ligaya alipika Tanga. Wanawe walikua wakila ugali kwa adobo, kuku wa siki na vitunguu saumu, na samaki wa mchuzi mchachu wa ukwaju. Asubuhi ya Idi ilikuwa bibingka, na majirani walijua kuja bila kualikwa. Lakini siku ya bibingka hakutaka mtu jikoni. "Tokeni, mnanipotezea hesabu!" Na hesabu yenyewe hakuwa nayo, maana alitia vitu mpaka mkono useme basi.

Sasa wajueni watu watatu wa nyumba ile.

Mwanahawa, binti mkubwa, alikuwa na ulimi. Kupika hakujua, hata maharage yake yalikuwa adhabu, lakini ukimwonjesha mchuzi wa harusi atakuhesabia kila kilichotiwa, na kilichosahauliwa pia.

Kombo, ndugu yake, alikuwa na mkono wa moto. Tangu ana miaka kumi na saba alioka mikate ya boflo kwenye tanuri. Kipimo chake kilikuwa kiganja: akikipitisha juu ya makaa anakwambia ongeza, punguza, au subiri.

Riziki alikuwa mjane wa marehemu Salehe, mtoto wa mwisho wa Bi Ligaya. Mumewe alipokufa hakurudi kwao, alibaki na mkwewe. Yeye kipaji chake hakikuwahi kusifiwa na mtu: alikuwa akisikia jambo mara moja, halisahau.

Basi Mzee Athumani akafariki. Bi Ligaya akakaa eda, akaimaliza, na siku ya pili yake akasukuma sahani. Siku ya tatu vivyo hivyo. Ikafika wiki, anakunywa chai ya rangi tu. Daktari akampima, akasema hana ugonjwa. "Lakini mtu asiyekula hahitaji ugonjwa," akaongeza, na nyumba nzima ikaogopa.

Mwanahawa akamwinamia mama yake kitandani. "Mama, unataka nini? Sema chochote."

"Bibingka kama ya mama yangu," akajibu. "Nikiila hiyo, labda na vingine vitapita. Na atakayenipikia, chungu ni chake."

Wakamwuliza inapikwaje. Akaitazama mikono yake. "Hii ndiyo iliyokuwa ikijua," akasema, akageukia ukutani.

Siku ya kwanza jirani zake wakajitolea. Mchele, tui, sukari, hamira, na kwa kuwa mkono wa mtu wa Tanga hauwezi kuona mchele na tui vikakaa peke yake, wakatia iliki. Ukatoka mkate wa kupigiwa vigelegele. Bi Ligaya akaunusa. "Mkate wenu huu, mzuri sana. Wapeni watoto."

Mwanahawa akamega kipande, akafumba macho. Idi zote za utotoni zikampitia mdomoni. "Toeni iliki," akasema. "Na mchele ulowekwe tangu jana yake, usagwe na maji yake, uachwe mpaka uanze kuchachuka. Sukari nusu ya hii." Akasimama juu ya vichwa vya wasagaji, anaonja, anakataa, anaonja, mpaka akasema, "Huo ndio."

Siku ya pili unga ukawa sawa, lakini moto ukaharibu kila kitu. Chini uliungua, juu ukabaki uji. Bi Ligaya hakuufikisha hata mdomoni.

Kombo akaomba ruhusa tanurini, akaja na vifuu vya nazi. "Makaa ya mkaa ni makali mno kwa chungu hiki," akasema. "Kina ufa. Mkikiharakisha kitapasuka, na hapo hakuna bibingka wala urithi." Akakipasha polepole, akatandika jani la mgomba, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake, machache katikati, mengi pembeni. Akachuchumaa hapo, kiganja kinakwenda na kurudi. Kilipofunuliwa, mkate ulikuwa umeumuka, wa rangi ya dhahabu, na harufu ya jani ilifika mpaka kitandani.

Bi Ligaya akainuka mwenyewe! Akala matonge mawili. Kisha akaugeuzageuza mkate mkononi kama anayetafuta kitu. "Chumvi yake iko wapi?" akauliza, akauweka chini.

Wote wakamtazama Mwanahawa. Naye ulimi ukamwisha. "Nakumbuka kitu cha chumvi juu," akasema, "lakini sikuwahi kujua ni nini."

Riziki akainama chini ya meza, akavuta mtungi uliofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mayai ya bata kwenye maji ya chumvi.

"Wifi," akasema, "mwaka ule wa harusi yangu tulikuwa tunaosha vyombo, Mama akaniambia mayai haya hukaa siku ishirini na moja, na bila hayo bibingka ni mkate tu. Eda ilipokaribia kwisha niliyaweka. Nilijua atakumbuka kwao."

"Na mbona hukusema, shemeji?" akauliza Kombo.

"Yalikuwa hayajafika. Yametimia leo."

Wakachemsha mayai, wakayakata vipande, wakayapanga juu ya unga wa Mwanahawa uliobaki, Kombo akarudi kwenye makaa. Bi Ligaya akala bibingka nzima. Akalia, akajifuta, akaomba wali na mchuzi. Nyumba ikacheka kwa furaha, nami nisingekuwa na la kuwasimulia kama mambo yangeishia hapo.

"Sasa," akasema Bi Ligaya, "aliyenipikia achukue chungu chake."

Mwanahawa akasema, "Bila ulimi wangu mngeendelea kumpa iliki." Kombo akasema, "Unga mtamu uliopikwa vibaya hutupwa. Mliutupa." Riziki akasema taratibu, "Unga husagwa tena, na moto huwashwa tena. Siku ishirini na moja zilizopita huzipati popote."

Wakamwomba mama aamue. "Mimi nilikuwa kitandani," akawajibu. "Jikoni mlikuwa ninyi."

Riziki akasema basi anawaachia wenye damu. Bi Ligaya akakunja uso. "Sikuuliza nani mpole. Nimeuliza nani kanipikia."

Na wewe unayenong'ona pale nyuma kwamba wamiliki wote watatu, umechelewa, Kombo alishasema. Mama yake akamjibu kwamba kwao chungu kina mkono mmoja. Kikishatolewa hakirudi motoni mpaka kipate mwenyewe, kwa sababu mwenyewe ndiye anayewaita wengine jikoni. "Na mimi si mwenyewe tena," akasema.

Leo ni siku ya nne tangu alipoila. Mtaa umegawanyika. Mafundi wako upande wa Kombo, kina mama wengi wako kwa Riziki, na wanaojua kula wako kwa Mwanahawa. Chungu kiko juu ya kabati, kimeoshwa, kinang'aa. Juzi Bi Ligaya alimaliza sahani yake. Jana alibakiza nusu. Leo mchana Riziki ameirudisha jikoni kama alivyoipeleka.

Aliyejua ladha, aliyejua moto, au aliyekumbuka mapema? Je, wewe ungeamua vipi? Bishaneni mpendavyo, ila msibishane sana. Chungu kimepoa, na mama hajala.