Kiti cha Kumi na Mbili

Anayetaka kubisha na abishe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma. Mambo haya sikusimuliwa na mtu. Siku ile nilikuwa juu ya paa la kanisa la Vuriga, naziba bati linalovuja, na kupitia tundu la msumari niliona kila kilichotokea chini. Shule niliishia darasa la tano, lakini macho yangu yalisoma hadi chuo kikuu. Naona hata moyo wa mtu ukigeuka ndani ya koti lake.

Basi, huko Vuriga, milimani Upare, walikuwepo wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na chake.

Bibi Naelijwa alikuwa na kumbukumbu. Kalamu hakuwahi kuishika, lakini alijua nani alibatizwa lini, mvua ya mwaka gani ilivunja daraja gani, na nani alilia kwenye harusi ya nani.

Namkunda alikuwa na mikono. Nusu ya nyumba za kijiji zimesimama kwa matofali aliyofyatua yeye. Akikupa mkono wa salamu, unakumbuka dhambi zako zote.

Eliaichi alikuwa na sauti. Alisoma chuo cha Biblia miaka mitatu, akarudi na cheti kizuri chenye muhuri, akapewa kazi ya kuwafundisha watoto nyimbo.

Na alikuwepo Mzee Mbonea, mzee wa kanisa na mshika funguo, baba mkwe wake Namkunda. Yeye alikuwa na kitabu cha baraza. Mwaka mmoja nyuma, Eliaichi alipoomba kuhubiri, Mbonea ndiye aliyeandika humo: *Mwanamke asivuke uzio wa madhabahu.* Akapiga mstari chini yake kwa rula. Tangu hapo hata kufagia kule mbele walifagia wazee wenyewe, na walifagia vibaya.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya maombi ya akina mama. Desturi yetu ni kwamba akina mama hawaombi peke yao. Lazima mzee mmoja akae benchi la nyuma alilinde neno. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mbonea. Alililinda neno kwa kusinzia.

Mvua ya masika ilikuwa na siku tisa haijapumzika. Ghafla mlima ukaguna. Tope likashuka na mawe na migomba, likaegemea mlango mkubwa, na mlango wetu unafungukia nje. Ngazi yangu ilikwenda na tope, nikabaki juu kama kuku aliyesahauliwa bandani. Madirisha yana nondo. Chini wamo wanawake thelathini na saba, wengine na watoto mgongoni, na mwanamume mmoja mwenye funguo saba mkononi ambazo hazikufaa kitu.

Tope likaanza kupenya chini ya mlango. Wakarundikana pale pale mlangoni, wakisukuma, wakikanyagana, tope likiwafika magotini. Na nikwambie kioja: kule mbele, nyuma ya uzio wa madhabahu, palikuwa pakavu, peupe, pa kutosha watu arobaini. Uzio wenyewe ni wa mbao, hauzidi goti. Hakuna mwanamke aliyethubutu hata kupatazama.

Mbonea aliona. Aliona pakavu na aliona tope, na ule mstari wa rula aliuhisi shingoni kama kamba.

Hapo Bibi Naelijwa akasema, "Nyie, acheni kulia mnisikie. Nyuma ya madhabahu, chini ya msalaba, pana mlango."

"Mlango gani, bibi? Ule ni ukuta!"

"Ukuta kwako wewe uliyezaliwa juzi. Kanisa lote hili ni mawe, pale pamezibwa kwa matofali mabichi. Nilibeba udongo wake kichwani, sijaota hata matiti."

Namkunda akajitoa kwenye msongamano. Alipofika kwenye uzio akainua mguu mmoja, akausimamisha hewani, akageuka.

"Baba," akamwambia mkwewe, macho chini kwa adabu, "nivuke?"

Kanisa lote likamtazama Mbonea.

"Vuka, mwanangu," akasema Mbonea.

Namkunda akavuka. Jembe hakuna, sururu hakuna. Nyuma ya uzio vimepangwa viti kumi na viwili vya wazee, na cha kumi na mbili kilikuwa kitupu tangu alipofariki Mzee Kihara. Akakipindua, akakivunja mguu mmoja, mbao ngumu ya mninga mtupu, akaanza kuchokonoa ukuta. Kucha zikang'oka. Tofali la kwanza likaanguka nje, na mwanga ukaingia mwembamba kama uzi.

Ungedhani wamepona. Ndiyo kwanza wakataka kuuana! Wote waliukimbilia mwanga kwa pamoja, na tundu lile lilikuwa la kupita mtu mmoja. Mtoto mmoja alidondoka mgongoni mwa mama yake, akapotea chini ya miguu.

Eliaichi akaruka uzio, akapanda mimbari.

"Kaeni chini!"

Walikaa. Hata mimi juu ya bati nilikaa. Akawaita kwa majina, benchi baada ya benchi, wenye watoto kwanza, na yule aliyedondoka akaokotwa akiwa mzima. Pale mtu alipotaka kumrukia mwenzake, Eliaichi alilitaja jina lake tu, naye akarudi chini kama mwanafunzi.

Wa mwisho alikuwa Mbonea. Tumbo likakwama tunduni, nusu mzee nje, nusu mzee kanisani.

"Toa pumzi, Mbonea!" Bibi Naelijwa alicheka huku analia. "Pilau ya Pasaka hiyo inakusaliti!"

Namkunda akamvuta mikono, akatoka. Mimi nilikumbukwa jioni.

Habari ilipomfikia mkuu wa jimbo, msimamizi wa makanisa yetu, akaleta barua. Kiti cha kumi na mbili apewe mwanamke mmoja kati ya wale watatu, awe mzee wa kanisa, avuke uzio na kuhubiri. Mzee Mbonea, aliyekuwa ndani, ndiye amtaje. Asipomtaja kabla ya kengele ya pili ya Jumapili, kiti kirudi kwa wanaume. Na wazee walishamwandaa mtu wao. Jumapili ilipofika alikuja na koti jipya.

Kengele ya kwanza ikalia. Mbonea akawaita wale watatu sakristia, kile chumba cha nje cha kujiandalia ibada, nami nikasimama dirishani.

"Mimi nina miaka themanini," akasema Bibi Naelijwa. "Wenzangu wana kesho. Bila mimi mngekuwa mnausukuma ule mlango hadi leo."

"Nami niliiomba mimbari kabla mlima haujaanguka," akasema Eliaichi. "Hawa hawajawahi kuomba."

"Kumbe anayeomba ndiye pekee mwenye njaa?" Bibi akamrudi.

Namkunda akainua vidole vyake, vimefungwa vitambaa. "Baba, nikikosa watasema nimekosa kwa kuwa ni mkweo. Nikipata, watasema vilevile. Mimi naomba uviangalie hivi tu."

Mbonea akafuta jasho. "Wanangu, si mkikalie kwa zamu?"

"Wale kumi na mmoja wanakaa kwa zamu?" akauliza Bibi Naelijwa.

"Basi tuongeze viti viwili."

"Uliza wazee wenzako."

Alikwisha kuwauliza. Walimjibu kwamba mitume walikuwa kumi na wawili.

Mbonea akachungulia kanisani. Kile kiti kilikuwa mahali pake, kimesimama kwa miguu mitatu, mahali pa wa nne pamewekwa jiwe. Yule wa koti jipya alikuwa amesimama kando yake, anakipima kwa macho. Kitabu cha baraza kimefunguliwa, kalamu iko mkononi mwa Mbonea, na tumbo lake lilikuwa kama limekwama tena, ila safari hii hapakuwa na wa kumvuta. Mpiga kengele alikwisha kushika kamba.

Je, wewe mwenye masikio, ungeandika jina la nani? Aliyejua pa kupita, aliyepafungua, au aliyewapitisha?

Lakini ngoja, usijibu upesi. Yote niliyosema ni kweli tupu, ila neno moja nimelitia mwenyewe. Namkunda alipouliza, "Baba, nivuke?", Mbonea hakusema "Vuka." Alitazama funguo zake, na Namkunda akavuka hivyo hivyo bila ruhusa ya mtu. Neno lile nilimwekea mdomoni mimi, kwa kuwa nilimwonea haya kule juu ya bati. Sasa amua.